Mtihani wa Kuanguka

Jumatatu, tarehe tatu mwezi wa tatu

Sasa huyo Wakiuru akanyanyua kibeti yake akaiweka kwa kiti yangu. Si kando ya kiti. Juu ya kiti! Halafu akaniangalia. Mimi nikajua hapa ni vita.

Ngoja kwanza. Hii simu imeanza? Imeanza. Kuna kalaini kanaruka-ruka hapa kwa kioo nikiongea.

Si Kamene alisema sisi wale hatujui kuandika tuongee kwa simu kila jioni. Tuseme kama mtu ameteleza, kama amejikwaa, mgongo imeamka aje. Kamene ndiye msichana wa mazoezi, anatoka hospitali, Mkamba mwembamba lakini mikono! Akikukanda kiuno unaita wazazi wako waliolala. Nikamuuliza nani atasikiza haya maneno yangu. Akasema hakuna, ni ya kunisaidia nikumbuke siku nikiulizwa. Sawa. Mimi nimezoea kuongea na kitu haijibu. Tangu mzee wangu aende naongeanga na jiko. Na hakuna siku jiko imeniambia mama nitakupigia baadaye.

Mgongo: imeamka. Iliamka kabla yangu, ikaningoja.

Turudi kwa kiti. Kila Alhamisi tunakutana kwa holi ya hapa Kaloleni, sisi wagonjwa wa mgongo ya chini. Mimi daktari aliangalia picha yangu akasema hizo pingili za huko chini zimeshikana. Hakusema kama mandazi ya jana, lakini niliona kwa uso wake ni mandazi ya jana. Basi tunainama, tunageuka, tunasimama na mguu moja tukishika kiti. Halafu tunakunywa chai. Hiyo chai, nikuambie ukweli simu yangu, ndiyo dawa. Mtu anakuuliza umelala aje. Halafu anangoja ujibu.

Na sasa wanataka kutuvunja! Alhamisi iliyopita Kamene akasema tutapimwa hatari ya kuanguka. Wale wataonekana wako na hiyo hatari watabaki kwa kikundi. Wale wako sawa watapatiwa mkono ya kwaheri, kwa sababu kuna wengine huko nje wanangoja nafasi. Nikamuuliza Mzee Ondiek hiyo ni kitu gani. Ondiek alikuwa karani wa kanju, huko ofisi za jiji, amesoma, mpaka wa leo anaweka kalamu mfukoni na hana kitu ya kuandika. Akasema ni mtihani, mama, kama ya shule. Anayepita anatoka. Anayeanguka anarudia darasa.

Kurudia! Mimi sijawahi kaa mtihani hata siku moja. Ndugu yangu alipelekwa shule, mimi nikapelekwa kuni. Lakini hapo nikaelewa haraka kuliko wasomi. Nataka kuanguka. Nianguke vizuri, nianguke namba moja, nirudie hiyo darasa mpaka nife.

Shida ni Wakiuru. Yeye pia anataka kuanguka.

Jumanne, tarehe nne

Nimepata mwalimu. Kweyu!

Kweyu ni fundi wa mawe, kijana wa huko kwetu Vihiga, ingawa kijana sasa ako na mvi. Anakunywanga mpaka anasalimia nguzo ya stima, na anaiuliza watoto wako aje. Leo nimekaa kwa mlango nikamngoja akirudi. Simu yangu, hiyo ndiyo mwendo! Kichwa inaenda Makongeni, kiuno inabaki Kaloleni, miguu zinatafuta Ziwani. Nikasema ukitembea hivyo mbele ya Kamene, hata hatakuuliza jina. Utaandikwa namba moja.

Nikamwita. Nikamwambia anionyeshe pole pole. Akafurahi sana, hakuna mtu amewahi mwambia amfundishe kitu. Akasema shosho, ananiitanga hivyo kama nyanya yake, siri ni kulegeza kiuno. Kiuno ikiwa legevu, mguu ikiteleza, mgongo inaenda kuileta. Ukijikaza kama ubao unaenda chini mzima mzima. Akasema yeye miaka yote hii hajawahi anguka hata mara moja.

Ni ukweli. Sijawahi ona Kweyu chini.

Nikamwambia sitaki mahubiri, nataka mwendo.

Nimefanya mazoezi kutoka kitandani mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka kwa jiko. Nalegeza kiuno, narusha kichwa. Mara ya kwanza niligonga kabati. Lakini baadaye, haki, ikakubali! Nikaenda huku, nikarudi huku, nikacheka mpaka nikashika mbavu. Nikageuka nimwonyeshe mtu.

Basi. Nikaweka chai.

Mgongo: inauma kidogo upande wa kabati.

Alhamisi, tarehe sita

Niliamka mapema nishike kiti. Kiti ya karibu na dirisha, kando ya Ondiek. Si ati namtaka Ondiek! Mimi mzee wa nini tena. Ni vile tu anakuwanga na stori za kanju, na akikuongelesha anakuangalia wewe, haangalii mlango. Nikafika holi bado wanafungua. Nani ako hapo nje amekaa kwa kibaraza? Wakiuru. Anakula ndizi.

Huyo mama aliuza mitumba miaka mingi, kwa hivyo sauti yake haijui kama soko ilifungwa. Nikaingia na ule mwendo wangu wa Kweyu, kujaribu tu. Akauliza watu wote kama ni mimi nimelewa ama ni sakafu. Ati Mama Frankline, kwani siku hizi Waluhya mnakunywa chai na nini! Watu wakacheka. Nikamwambia ni mgongo, mgongo imeharibika kabisa. Akasema yake imeharibika zaidi, hawezi kuinama achukue sufuria. Nikasema mimi siwezi kuinuka. Akasema yeye akiinuka anaona nyota. Nikasema mimi hizo nyota nazijua kwa majina. Ondiek akasema yeye kabla apige chafya anatafuta kwanza mahali pa kukaa. Hiyo ndiyo ilikuwa ya ukweli. Ondiek mgongo yake imekauka. Ukimwita hageuki kichwa, anageuka yote, kama kabati inahamishwa.

Leo Kamene ametufundisha kuinuka. Ati mtu akienda chini asiruke juu haraka. Alale upande, asukume na mkono, aende kwa magoti, atambae mpaka kwa kiti, ashike kiti, alete mguu moja mbele, asimame. Akasema pia mtu akishaanguka mara moja, kuanguka tena ni rahisi zaidi. Hiyo niliimeza.

Akauliza nani atajaribu. Mimi, ujinga wangu, mkono ikaenda juu yenyewe. Nikashuka, nikalala upande, magoti, kiti, mguu, nikasimama! Holi yote makofi. Hata mpishi wa chai alitoka na kijiko yake kuangalia. Woi, nilifurahi. Nikainama kidogo vile watu wa kwaya hufanya.

Halafu nikamwona Wakiuru amekaa kwa kiti yangu akitabasamu. Nikakumbuka. Kumbe nimepigiwa makofi ya kufukuzwa!

Jumamosi, tarehe nane

Mpango ilikuwa safi. Kama mtu akishaanguka mara moja anaanguka tena, basi mimi nitaenda kwa mtihani na kuanguka yangu tayari kwa mkono. Na mashahidi. Jumamosi asubuhi watu wote wako kwa mfereji wakichota maji, wanawake, watoto, mikokoteni, hata wale hatuongei. Nikajifunga leso mbili, ndani nikaweka mto. Nikachukua kamtungi. Nikatoka.

Nafika kwa mfereji, hakuna mtu!

Maji ilipotea tangu jana. Mtaa wote unajua. Mimi sijui, kwa sababu nani ataniambia?

Mtu wa akili angerudi. Lakini mto iko ndani, leso imekazwa. Nikasema watu ni watu, watapita tu. Nikashika ukuta, nikajishusha pole pole, kama gunia ya mahindi ikiteremshwa na watu waaminifu. Nikalala. Nikapanga mguu vizuri, nikatupa mtungi kando, nikaita wololo! Nimeanguka!

Kimya.

Nikaita tena. Redio ya mtu huko ndani ya nyumba ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Nikasikiza kama niko.

Jogoo ikakuja, ikaniangalia na jicho moja, ikaenda. Halafu nikasikia viatu. Nikafunga macho, nikapiga kelele ya uchungu, tena nzuri sana. Ilikuwa Kweyu. Akasema shosho, hapo umechagua pazuri, lakini upande ule mwingine ndio kuna kivuli. Nikamwambia nimeanguka! Akainama, akaniangalia vile fundi huangalia ukuta. Akasema hapana, mtu wa kuanguka hashiki leso yake vizuri hivyo. Akanitakia mapumziko mema, akapita.

Jua ikapanda. Mimi bado niko hapo. Sasa si ati nilikuwa natega tena, nilikuwa tu nimechoka kuita. Unajua hii mtaa, zamani ungeangusha kikombe watu watatu wangeuliza ni kikombe ya nani. Wazee wa reli na wa kanju wakitoka kazini, mama zao kwa vibaraza, kila mtu anajua umepika nini. Sasa wale walikufa, wale walirudi nyumbani, na hizi nyumba zimejaa watu wa kutoka asubuhi na kurudi usiku. Mimi nilidhani mtu akianguka hiyo kelele peke yake inaita watu. Kumbe ni lazima kuwe kwanza na mtu anakusikilizia.

Basi nikalala upande. Nikaenda kwa magoti. Nikashika ukuta, mguu mbele, nikasimama.

Nilisimama vizuri sana. Hakuna mtu aliona.

Mgongo: iko sawa. Mto ilifanya kazi.

Jumapili, tarehe tisa

Wakiuru ameanguka! Kweli kweli! Jana jioni. Na haikuwa mpango!

Alikuwa ameosha kibaraza na sabuni, akatoka na viatu za plastiki, akaenda. Puu! Hakuvunjika, Mungu ni mkubwa, lakini kiuno imefura na ameambiwa alale. Mimi nimejipanga wiki nzima, nimefundishwa na mwalimu, nimebeba mto. Yeye ameanguka bure, bila mazoezi hata ya siku moja, na mlango yake imejaa viatu za watu!

Nikaenda kumwona, ni mlango ya pili tu kutoka kwangu, si mtu hukataa. Nikabeba sukari. Nikakuta wamama wa kanisa, nikakuta binti yake, nikakuta jirani ambaye mimi sijawahi ona meno yake akicheka naye. Wakiuru amelala katikati kama askofu. Anahadithia. Kila mgeni akiingia anaanza upya, na kila akianza upya hiyo kibaraza inakuwa ndefu. Nikasema mimi pia nilianguka jana, hapo kwa mfereji. Wakasema pole. Halafu wakamgeukia yeye wakamuuliza sasa hiyo sabuni ilikuwa ya unga ama ya kipande.

Baadaye wageni wakapungua, binti akaenda jikoni. Wakiuru akanishika mkono. Ananong'ona, Wakiuru! Mimi sikujua ako na hiyo sauti. Akaniambia anaogopa sakafu. Ati asubuhi alisimama aende choo, akaangalia chini, mwili yote ikakazana, hakuweza kuinua mguu mpaka binti akakuja. Akaniambia Khavere, niligeuka mti. Hakusema Mama Frankline, alisema Khavere, jina yangu ya nyumbani. Macho yake yalikuwa na maji.

Nikasema ndani ya roho, huyu ni mjanja! Ameanza mtihani kabla ya wengine.

Nikarudi. Nikapata Frankline alikuwa amepiga simu nikiwa huko, mtoto wangu wa pekee, ako Kitengela na mabibi yake, nasema bibi, ni mmoja, Kate. Nikampigia. Nikapata yule msichana wa mteja hapatikani kwa sasa. Nikamweleza yeye: vile nilianguka, vile jogoo iliniangalia. Alisikiza. Halafu akarudia kusema mteja hapatikani, kwa Kiswahili na kwa Kizungu.

Alhamisi, tarehe kumi na tatu

Sitaki kuongea leo.

Lakini nitaongea. Nisipoongea na wewe nitaongea na nani.

Nilifika mapema. Holi wameipanga vingine. Kamene amekuja na kompyuta kwa meza, na sponji kubwa kwa sakafu, na viti mbili mbali mbali. Ananiita wa kwanza. Anainua blauzi nyuma, ananibandika vidude viwili, kama kiberiti hivi, moja hapa kwa kiuno, moja juu kati ya mabega, na plasta. Nikauliza ni za nini. Akasema zinasikiza mgongo ikisonga. Nikasema kumbe! Mgongo imepata wa kuisikiza kabla ya mwenye mgongo.

Sasa hapa ndipo nilijichoma. Alichukua kalamu akaniuliza, shosho, umeanguka tangu tuonane?

Na mimi kichwani niko na mtihani tu. Wiki mbili Ondiek ananiimbia mtihani, kuanguka, kurudia. Nikasikia huyu msichana ananidharau, mbele ya watu, mbele ya Wakiuru! Nikamwambia nimeangukaje na hata hujanipatia hiyo mtihani? Nikamwambia mimi sijaanguka kitu! Akacheka, akaandika.

Mto, leso, jogoo, mfereji, yote ikaenda bure hapo. Nilikumbuka nikiwa tayari nimefika kwa sponji.

Nikasema haidhuru, bado niko na Kweyu. Akaniambia tembea mpaka kwa kile kiti, zunguka, rudi. Nikalegeza kiuno. Nikarusha kichwa. Nikaenda huku nikarudi huku. Akaniambia nisimame kwa sponji nifunge macho. Nikayumba kama mti ya ndizi na upepo. Nikasikia Wakiuru kutoka kwa kiti yake, maana yeye aliletwa ameshikwa na binti huku na jirani huku, akasema jamani huyo anacheza isukuti ya Waluhya! Holi ikaangua kicheko. Mtu akaanza kupiga meza. Sasa wewe ni mtu wa Vihiga, meza inapigwa vile, utafanya aje? Nikaongeza mabega. Mama yangu! Mabega zikaenda, kiuno ikajibu, nikazunguka, nikarudi, hata mpishi alipiga vigelegele. Nilisema leo nimeanguka hii mtihani mpaka hawatasahau.

Nikafungua macho. Kamene anaangalia kompyuta na anatabasamu. Akaita mwenzake aje aone. Akasema shosho, mgongo yako inasonga! Kila pande! Akasema si hivyo ulikuwa siku ulikuja hapa mara ya kwanza, ulikuja kama ubao. Akaeleza watu wote. Mtu akiugua mgongo anaikaza isiume, na mgongo ikikazwa hiyo ndiyo hatari, kwa sababu mguu ikijikwaa mgongo haiendi kusaidia. Yule anayumba na anajirudisha hana shida kubwa. Akasema wazi wazi: shosho umepita.

Nikakataa! Nikamwambia angoje, nilianguka Jumamosi hapo kwa mfereji, nilisahau tu. Akauliza nani alikuinua. Nikasema hakuna mtu. Akashtuka, akauliza sasa uliinuka aje. Na mimi, nikiwa na hasira, nikashuka hapo hapo nimwonyeshe: upande, magoti, kiti, mguu, juu! Nikamuuliza, si hivyo?

Makofi. Kamene akanikumbatia. Akasema hiyo ndiyo kitu yeye anafundishanga watu, mtu aweze kujiinua akiwa peke yake.

Simu yangu, mimi kujiinua peke yangu sikuhitaji kufundishwa.

Ondiek alibaki. Alizunguka kile kiti kama lori inageuka, na kidude hakikusikia kitu. Wakiuru pia alibaki. Alipoambiwa atembee alisimama tu, anaangalia chini, jasho inatoka. Sasa nilimwona. Hiyo haikuwa ujanja. Hata hakunitukana. Kamene akamshika, akasema ni woga imefunga kiuno, itafunguka, lakini kwa sasa asitembee peke yake kabisa, kwa sababu akienda tena chini saa hii hiyo nyonga haitamsamehe. Binti yake anaenda kazini. Kamene akasema atafutwe jirani mwenye mgongo nzuri, mwenye hakosi nyumbani. Watu wote wakaniangalia. Mimi nikaangalia paa ya holi. Imetoboka mahali.

Nikapewa mkono ya kwaheri. Mtihani ya kwanza kwa maisha yangu, na nimepita. Nikalia. Wakasema angalia vile amefurahi.

Ijumaa, tarehe kumi na nne

Sijateleza. Sijajikwaa. Mgongo: nzuri sana, haina faida.

Alhamisi, tarehe ishirini

Leo siongei jioni, naongea saa hii, kwa sababu niko na jambo na nikingoja nitapasuka.

Goti!

Nilikuwa mjinga, nilitegemea mgongo, na mgongo ni msaliti, inabandikwa kidude inasema kila kitu. Lakini nimesikia huyo Kamene ako na kikundi ingine siku ya Jumanne, huko Makongeni. Ya magoti. Na hao pia wanakunywa chai, tena na mkate! Goti haina mambo mengi. Goti ni kuchechemea tu na kusema aii. Nimeanza tangu Jumatatu. Nachechemea kutoka kitandani mpaka kwa jiko, na mkono hapa hivi, na uso nimeukunja. Hata Kweyu aliniona kwa mlango akasema pole. Kweyu! Yule hakuniamini nikiwa chini kabisa!

Shida ni moja, sipati nafasi ya kufanya mazoezi vizuri. Huyu Wakiuru amenimaliza. Ijumaa alinitumia binti yake, ati nikuje nimshike afike tu kwa mlango. Jumamosi nimshike afike kwa mfereji, tukakaa hapo juu ya mitungi, akanihadithia soko mpaka maji ikapotea tena. Jumapili kanisa, yao, si yangu, nikaimba na sikujua maneno. Jana ati nimshike tu bila kwenda mahali, tusimame. Ananifunga mkono na ule mkono wake kama kamba ya meli, anahesabu mawe ya njia na Kikuyu, na kila saa ananiuliza Khavere umelala aje. Nimjibu, na nimjibu yote, hakubali kifupi. Mtu hata hawezi kukaa kwa nyumba yake peke yake apange mambo yake!

Na leo ni Alhamisi. Leo nilikuwa nimeamua nifunge mlango, niweke redio, nisiwasikie wakipita kwenda holi. Nifanye goti mpaka

Ngoja.

Si huyo anaita? Anaita. Ati Khavere, Khavere wewe, kwani umelala, watu wa migongo wameshaingia, na binti ameshaenda kazini! Sauti kama bado anauza makoti.

Nisijibu? Nitajifanya siko.

Hapana, kuna kitu. Nikimpeleka mpaka ndani ya holi, Kamene ataniona. Si ndiyo nafasi! Aone mimi mwenyewe nikichechemea, asihadithiwe. Nimshike Wakiuru na huku nachechemea, wote wawili, hapo mpaka jiwe italia. Lakini goti gani? Jumatatu nilianza na ya kulia. Kweyu aliniona na ya kulia. Ama hiyo ilikuwa ya kushoto nikiwa nimegeuka? Kwa jiko naanzanga na

Nakuja! Wakiuru, nimesema nakuja! Ehe, hiyo ni kwa kibaraza yake nasikia viatu? Wewe, usiteremke! Shika ukuta! Usiinue huo mguu mpaka nifike, mama, nakuja, nakimbia, nak